KINGA NA KINGA: JUU YA KUWAFUNDISHA VIJANA WETU KEMIA YA MOTO



Katika toleo hili tumeona yafaa tuweke kando kidogo habari za mishahara na uhamisho, tuseme juu ya jambo liwahusulo watoto wetu walio katika Kidato cha Kwanza na cha Pili katika shule za Mbeya na Iringa. Jambo lenyewe ni somo la Kemia, hasa fungu lile lielezalo habari za kuwaka kwa vitu. Huenda mtu akauliza, makarani wana nini na Kemia? Twajibu kwamba wanayo mengi, maana moto hauulizi cheo cha mtu, na jiko la mkaa huingia nyumbani kwa karani mkuu kama liingiavyo nyumbani kwa tarishi.

Maneno yetu kwa ufupi ni haya. Mtoto awezaye kuandika ubaoni jinsi kaboni inavyoungana na oksijeni, kisha usiku wa baridi akaingiza jiko chumbani na kufunga dirisha, huyo hajafundishwa, amekaririshwa tu. Na mtoto wa namna hiyo hayuko katika shule moja wala mbili. Kwa hiyo twasema kwamba somo la moto halina budi lifundishwe kwa moto wenyewe, kwa lugha ambayo mtoto anaielewa, na lifike hadi jikoni na chumbani mwa kulala. Tutaeleza sababu zetu moja moja.

Kwanza, fikirini mahali tunapokaa. Mji wa Mbeya uko juu ya usawa wa bahari kwa kadiri ya mita 1,700, na Iringa haupungui mita 1,500. Miezi ya Juni na Julai baridi ya huku yajulikana na kila mtu, na katika sehemu za Mufindi na milima ya Rungwe umande wa asubuhi huwa kama maji ya barafu. Mtumishi aliyezaliwa Tanga au Lindi, akahamishiwa huku na barua yake ya uhamisho mkononi, usiku wa kwanza hatafuti kitu kingine ila joto. Na joto lililo karibu na la bei ndogo ni jiko la mkaa. Mkaa ukishakuwa mwekundu hautoi moshi, na kwa kuwa hautoi moshi watu hudhani ya kuwa hauna madhara. Basi huliingiza ndani, huziba nyufa za mlango kwa matambara, hulala. Habari za watu waliokutwa asubuhi wamekufa karibu na jiko husikika karibu kila mwaka katika nchi yetu, tena nyakati za baridi zaidi. Wengine husingizia uchawi, na wengine husingizia chakula cha jioni.

Pili, kumbukeni misiba ya mashuleni. Mwezi wa Juni 1994, katika shule ya sekondari ya Shauritanga kule Rombo, Kilimanjaro, wasichana wapatao 40 waliteketea katika bweni. Mwezi wa Agosti 2009 msiba wa namna hiyo ulifika kwetu, katika shule ya sekondari ya Idodi, mkoa wa Iringa, wakafa wasichana 12. Habari zilizotolewa katika misiba yote miwili zilitaja mshumaa. Hatuandiki haya ili kumlaumu mtu. Twayaandika kwa sababu mshumaa ndicho kifaa cha kwanza kabisa ambacho mwalimu wa Kemia angekishika mkononi alipotaka kufundisha habari za moto, na ndicho kilichowaua wanafunzi.

Tatu, iangalieni barabara kuu ipitayo kwetu. Barabara hii itokayo Dar es Salaam hupita Morogoro, ikapita Iringa na Mbeya, ikaenda Tunduma hata Zambia, na malori ya mafuta hupita humo usiku na mchana. Tarehe 10 Agosti 2019, mahali paitwapo Msamvu, Morogoro, lori la mafuta lilipinduka, watu wakakimbilia kuchota petroli, moto ukalipuka, wakafa watu zaidi ya 100. Wengi walidhani kwamba kisichoshika moto ni salama maadamu mtu hakikaribii kwa kiberiti. Hawakujua kwamba petroli yenyewe haiwaki ikiwa ya maji, bali mvuke wake ndio uwakao. Na mvuke huo hutoka hata hewa ikiwa baridi sana, nao ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini kama maji mpaka uukute moto ulio mbali. Jambo hilo moja, kama likifundishwa vizuri katika Kidato cha Pili, laweza kuokoa kijiji kizima kilicho kando ya barabara hii.

Sasa na tutazame darasani. Muhtasari wa Kemia uliotumika miaka mingi kabla ya mitaala mipya ya mwaka 2023 ulikuwa na fungu zima la Kidato cha Kwanza juu ya hewa, kuwaka, kutu na kuzima moto, na katika Kidato cha Pili fungu la oksijeni na fungu la vitu vya kuwashia na nguvu zitokazo humo. Wala katika mitaala mipya moto haukutupwa. Kwa hiyo hatuwezi kusema kwamba serikali ilisahau. Lililopungua ni njia ya kufundishia. Mahali pengi mwalimu mmoja ana wanafunzi wengi mno, huandika ubaoni, wanafunzi hunakili, na siku ya mtihani hurudisha maneno yale yale kama karani anakilivyo barua asiyoielewa. Sisi makarani twajua hatari ya kunakili namna hiyo. Barua hutoka safi, haina kosa la herufi hata moja, na maana yake imepotea.

Hata hivyo somo lenyewe ni zuri, tena lafanana sana na kazi yetu ya hesabu. Mfaransa Antoine Lavoisier, ambaye katika miaka ya 1770 na 1780 ndiye aliyeeleza sawasawa kwamba kitu kiwakacho huungana na oksijeni iliyomo hewani, hakuwa mtu wa maabara peke yake. Alikuwa pia miongoni mwa watoza kodi wa mfalme, na kwa ajili ya kazi hiyo ya kodi alikatwa kichwa mwaka 1794 wakati wa mapinduzi ya Ufaransa. Kabla yake wataalamu walisema kwamba kitu kinapoungua hutokwa na kitu fulani kilichofichika ndani yake. Lavoisier aliweka kila kitu juu ya mizani, kabla na baada, kama mtunza fedha afungavyo daftari jioni, akaona kwamba hesabu haifungiki ila ikiwa hewa nayo imeandikwa. Basi mlinganyo wa kemia si kitu cha kutisha. Ni daftari la mapato na matumizi, na pande zake mbili sharti zilingane.

Chukueni mkaa. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni. Gramu 12 za kaboni hutaka gramu 32 za oksijeni, na zikiungana hutoa gramu 44 za hewa ya ukaa. Hesabu imelingana. Sasa mwalimu na aihamishe hesabu hiyo kutoka ubaoni aipeleke chumbani. Chumba cha upana wa mita 3, urefu wa mita 3, na kimo cha mita 2 na nusu, kina mita za ujazo 22 na nusu za hewa. Hapa Mbeya, kwa sababu ya mwinuko, mita moja ya ujazo ya hewa ina uzito wa kilo moja hivi. Oksijeni ni asilimia 21 ya hewa kwa ujazo, lakini kwa uzito ni asilimia 23 hivi. Basi chumba kizima kina kilo 5 za oksijeni na zaidi kidogo. Kilo moja ya kaboni, ikiungua yote, hula kilo 2 na theluthi mbili za oksijeni. Maana yake ni kwamba kilo moja tu, katika chumba kilichozibwa, ingemaliza nusu ya oksijeni yote iliyomo. Kweli mkaa si kaboni tupu, na hakuna chumba kilichozibwa kabisa, lakini kijana aliyeifanya hesabu hiyo kwa mkono wake mwenyewe hataziba nyufa za mlango tena maisha yake yote.

Na kifo hakingoji oksijeni iishe. Hewa ikiwa haba, gramu 12 za kaboni hupata gramu 16 tu za oksijeni, zikatoa gramu 28 za kitu kingine, kiitwacho kaboni monoksaidi. Hata katika jiko lililo wazi kitu hiki hutengenezwa. Hewa iingiayo chini ya jiko huzaa hewa ya ukaa. Hewa hiyo ya ukaa ikipanda katikati ya makaa mekundu huchukua kaboni nyingine, ikageuka kuwa kaboni monoksaidi. Vile vimwali vya buluu tuvionavyo vikicheza juu ya makaa ni hiyo hiyo kaboni monoksaidi inayomalizia kuungua ikutanapo na hewa ya juu. Vimwali vikikosekana, haina maana kwamba imekwisha. Huenda inatoka bila kuungua na kuingia chumbani. Haina rangi, haina harufu, haiwashi macho. Ikiingia damuni hujishikiza mahali pa oksijeni, nguvu yake ya kujishikiza ikizidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi. Sehemu 1 tu katika sehemu 1,000 za hewa yaweza kumwua mtu kwa muda wa saa chache. Kwanza kichwa huuma, kisha kizunguzungu, kichefuchefu, miguu kulegea. Mtu aliyelala hasikii hata moja ya hayo. Akipatikana angali hai, dawa yake ni kutolewa nje penye hewa safi mara moja na kupelekwa hospitali apewe oksijeni, wala si kumwagiwa maji wala kupewa maziwa.

Huenda wengine wakasema elimu hii ni ya kigeni, haina mizizi kwetu. Hivyo sivyo. Jirani zetu Wafipa walikuwa wakiyeyusha chuma katika tanuri ndefu za udongo, zilizopita kimo cha mtu, zisizohitaji mivukuto, maana zilijivutia hewa zenyewe kwa matundu na mabomba ya udongo yaliyowekwa chini. Wanyiha nao walikuwa mafundi wa chuma. Ndani ya tanuri zile kitu kilichonyang'anya mawe ya chuma oksijeni yake, kikaacha chuma, kilikuwa kaboni monoksaidi hiyo hiyo. Wazee walijua kuitawala pasipo kuijua kwa jina. Waliijenga tanuri mbali na nyumba za kulala, wakapima mkaa na mawe kwa kiasi. Mwalimu akiwaeleza wanafunzi wa Mbozi au Sumbawanga kwamba babu zao waliitumia kemia hii kupata majembe, somo halitakuwa tena la watu wa mbali.

Hata methali zetu zina kemia ndani yake. Wahenga walisema, kinga na kinga ndipo moto uwakapo. Twaitumia kusifu ushirikiano, nayo ni haki, lakini yasema kweli ya moto vile vile. Kinga kimoja kikiachwa peke yake hupoteza joto lake katika hewa ya baridi, hushuka chini ya kiasi cha joto kinachohitajiwa, kikazimika. Vikiwekwa viwili vikielekeana, joto la kimoja hurudi kwa mwenzake, vyote viwili vikaendelea kuwaka. Katika somo la moto hufundishwa kwamba sharti viwepo vitu vitatu: kitu cha kuungua, oksijeni, na joto la kutosha. Ukikiondoa kimojawapo, moto umekufa. Methali ile imeshika hilo la tatu, ambalo wanafunzi ndilo wasahaulo upesi.

Sasa twaja kwenye hoja za wapingao. Hoja ya kwanza husema kwamba hakuna vifaa. Mwaka 2014 nchi nzima ilihimizwa kujenga maabara 3 katika kila shule ya sekondari ya kata, na wananchi wakatozwa michango, nasi watumishi tukiwamo. Majengo mengi yalisimama. Lakini jengo lisilo na kazi ndani yake ni ghala tu. Wala kwa somo la moto hatuhitaji kungojea shehena kutoka ng'ambo. Mshumaa, kiberiti, sahani ya maji, bilauri, chokaa ya kupaka ukutani, waya mwembamba wa chuma wa kusugulia sufuria, na ndoo ya mchanga iliyojaa: vitu hivyo vyote hupatikana katika soko la Mwanjelwa na katika soko kuu la Iringa, na bei yake haifikii nauli ya kwenda kikao kimoja.

Hapa twataka tuseme neno juu ya jaribio moja maarufu. Mshumaa huwashwa katikati ya sahani ya maji, ukafunikwa kwa bilauri; mshumaa huzimika na maji hupanda ndani ya bilauri. Vitabu vingi vimewaambia watoto kwamba maji yamepanda ili kujaza mahali pa oksijeni iliyokwisha, na kwamba hiyo ndiyo sehemu moja ya tano ya hewa. Maelezo hayo si sahihi. Mshumaa huzimika oksijeni ingali nyingi, yapata asilimia 16 ya hewa, na maji hupanda hasa kwa sababu hewa iliyopashwa moto hutanuka, nyingine hutoka, kisha iliyobaki hupoa na kusinyaa. Mtu atakaye kuona ile sehemu moja ya tano kwa kweli, na aloweshe waya wa chuma, auweke ndani ya bilauri iliyogeuzwa juu ya maji, angoje siku kadhaa mpaka waya ushike kutu. Kutu nayo hula oksijeni, ila polepole na pasipo mwali, na maji yatapanda yakaribie sehemu moja ya tano. Mwalimu akiyafanya majaribio yote mawili, akawauliza wanafunzi kwa nini yatofautiana, amewapa kitu kikubwa kuliko jibu la mtihani, maana amewazoeza kulipima neno la kitabu kabla ya kuliamini.

Hoja ya pili yatoka kwa wazazi, tena wasomi. Husema kwamba mambo ya majiko na mishumaa ni elimu ya chini, na kwamba watoto wao wanapaswa kusoma kama wasomavyo watoto wa Uingereza. Twaijua asili ya shaka hii, wala hatuidharau. Ilipofunguliwa shule ya Malangali mwaka 1928, W. B. Mumford alijaribu kuyachanganya masomo ya shule na desturi na kazi za wenyeji. Katika zama zile za ukoloni Waafrika wengi waliishuku elimu ya namna hiyo, wakihofu kwamba kusudi lake ni kumweka Mwafrika palepale alipo. Walikuwa na haki ya kuhofu. Lakini haya tuyaombayo ni mengine kabisa. Hatusemi mtoto apewe jiko badala ya mlinganyo. Twasema apewe mlinganyo wote kamili, na mizani, na hesabu, kisha aonyeshwe kwamba jambo lile lile limo jikoni mwao. Huko Uingereza kwenyewe Michael Faraday, mmoja wa wataalamu wakubwa wa karne ya 19, aliwafundisha vijana wa London kemia kwa mshumaa mmoja tu, katika mihadhara yake ya sikukuu za Krismasi, na mihadhara hiyo ikachapwa kuwa kitabu mwaka 1861. Ikiwa mshumaa haukuwa duni kwa Faraday, hautakuwa duni kwa mwalimu wa Tukuyu au Kilolo.

Hoja ya tatu ni ya lugha. Mtoto wa shule ya msingi ya serikali husoma sayansi kwa Kiswahili, kisha akiingia Kidato cha Kwanza huanza kuisoma kwa Kiingereza, na fungu la moto humkuta wakati ule ule ambapo hajui bado kuunda sentensi ya lugha hiyo. Husemwa kwamba Kiswahili hakina maneno ya Kemia. Twauliza, ni lugha gani yenye maneno mengi ya moto kuliko hii? Sisi husema kuwaka, pakiwa na mwali. Kufuka, pakiwa na moshi pasipo mwali. Kuungua, kitu kinapoharibiwa na moto. Kuteketea, kinapokwisha kabisa. Tuna cheche, kaa, mwali, masizi, moshi, majivu. Mwanafunzi azijuaye tofauti hizo tayari ana nusu ya somo kichwani mwake. Masizi meusi chini ya sufuria ni kaboni iliyokosa hewa ya kutosha ikashindwa kuungua. Mwali wa njano hung'aa kwa sababu ya chembe za kaboni hiyo zilizo moto. Mwali wa buluu wa jiko la gesi waonyesha kwamba hewa imetosha. Mwalimu na aanze na maneno haya, mtoto aelewe, kisha ampe majina ya Kiingereza ya mtihani. Hatuombi sheria ivunjwe. Twaomba mtoto aelewe kwanza.

Tena wakati wenyewe watuhimiza. Mwezi wa Mei 2024 serikali ilizindua Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, wenye shabaha kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wakipikia nishati iliyo safi. Mitungi ya gesi yaingia katika nyumba ambazo jana zilijua kuni tu. Jambo hili ni jema, nasi twaliunga mkono kwa moyo wote, maana macho ya mama zetu yameteseka sana kwa moshi. Lakini gesi nayo ina tabia zake. Ni nzito kuliko hewa, hukaa chini sakafuni. Haina harufu ya asili, ile harufu mbaya imetiwa kusudi ili ivujapo watu wajue. Nyumba iliyopokea mtungi bila kupokea elimu yake imebadili hatari moja kwa nyingine.

Basi twawaomba wanachama wa matawi yote ya Mbeya na Iringa mambo manne.

La kwanza, kila mzazi amwulize mtoto wake maswali matatu. Kwa nini kaa jekundu lisilo na moshi laweza kuua? Kwa nini mafuta ya kukaangia yakishika moto hatumwagi maji? Tukisikia harufu ya gesi tufanye nini? Jibu la kwanza tumekwisha kulieleza. La pili, maji ni mazito kuliko mafuta, huzama chini yake, hugeuka mvuke ghafula, na lita moja ya maji huwa kama lita 1,700 za mvuke, ikayarusha mafuta yawakayo mpaka darini. Yafaa kufunika sufuria na kuzima jiko. La tatu, usiwashe wala usizime taa, usiwashe kiberiti, funga mtungi ikiwezekana, fungua milango na madirisha, toka nje. Mtoto asipojua, mzazi amfundishe. Mzazi asipojua, wajifunze pamoja, wala si aibu.

La pili, kila tawi litoe sanduku moja la vifaa tulivyovitaja, pamoja na mizani ndogo, lipewe shule moja ya kata iliyo karibu. Ndoo ya mchanga isisahauliwe, na mwalimu awepo daima moto unapowashwa.

La tatu, wanachama walio katika bodi za shule, wanaposomewa hesabu za waliofaulu na walioshindwa, waulize swali moja zaidi: mwaka huu kila mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameshika kwa mkono wake majaribio mangapi ya moto? Na jibu liandikwe katika kumbukumbu za kikao. Sisi twajua kwamba lililoandikwa katika kumbukumbu huulizwa tena kikao kifuatacho.

La nne, matawi yawaandikie walimu wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa kilichoko Iringa, kilichoanzishwa mwaka 2005 kwa ajili ya kufundisha walimu, na wale wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, yaombwe majina ya vijana wawezao kufika shuleni siku moja kwa muhula na kuonyesha majaribio haya mbele ya wanafunzi na wazazi wao. Wazazi, twarudia. Somo hili likikomea kwa mtoto, usiku ule ule baba ataingiza jiko, na mtoto hataweza kumkanya mzazi wake.

Shule ni kinga kimoja, na nyumba ni kinga cha pili. Kwa miaka mingi tumekiacha kila kimoja kiwake peke yake, tukashangaa kwa nini elimu yazimika mtoto avukapo lango la shule. Baridi ya mwezi wa Juni itakuja tena kama kawaida yake. Kabla haijaja, sanduku la tawi lako na liwe limefika shuleni, na dirisha la chumba chako liwe limeachwa wazi kidogo.

Wasalaam.